Siku nne peke yangu Brugge, Ubelgiji: kibaka alinipatia Brussels, mfereji ukanisubiri mbele

BintiPangani

Wakuu, habari za majukumu.

Kuna dada aliuliza humu wiki iliyopita kama mwanamke anaweza kwenda peke yake kwenye vile vimji vya kale vya Ulaya. Wengine wakamwambia "Ulaya ni salama, we nenda tu." Wengine wakamwambia asithubutu, atarudi hana figo. Mimi nilikwenda, figo ninazo zote mbili, ila nikisema hakuna shida nitakuwa naongopa. Shida zipo, tena siyo zile nilizojiandaa nazo.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilikuwa Gent kwa kozi ya wiki mbili. Kozi ikaisha Ijumaa, ndege yangu ni Jumatano, viza bado ina siku. Wenzangu wakakimbilia Paris. Mimi nikachagua Brugge. Ile sehemu ya kale wenyeji wanaiita "yai", maana ukiiangalia kwenye ramani imezungukwa na maji kwa umbo hilo hilo. Ndani ya yai wanaishi watu kama 20,000 tu. Nikajisemea, mji wenyewe mdogo kama kata, nani atanifanya nini.

Gent na Brugge ni chini ya nusu saa kwa treni. Ningenyoosha moja kwa moja yasingenikuta. Lakini si unajua sisi na mizigo ya watu, nilikuwa na vitenge vya binamu yangu anayeishi Brussels, ikabidi Jumamosi nianzie huko, nikabidhi, halafu nipande treni ya Brugge jioni. Kwenye kituo kikubwa nilipobadilishia treni nikawa nimesimama nasoma ubao. Kijana mmoja nadhifu, miwani, akanigusa bega: "Madame," akanionyesha mgongoni. Nageuza koti, limemwagikiwa kitu cheupe, kizito kama mtindi. Akatoa tishu mwenyewe. Mpole huyo! Nikashusha kibegi cha begani nikakiweka juu ya sanduku nifute koti. Nadhani nilifuta mara tatu au nne. Nilipoinua macho kijana hayupo, na kibegi hakipo. Sidhani hata alikichukua yeye, walikuwa wawili. Kile kitu cheupe walinimwagia wenyewe.

Humo kulikuwa na euro 140, kadi ya benki na miwani yangu ya kusomea. Pasipoti na kadi ya pili vilikuwa tumboni, ndani ya kimfuko cha kanga alichonishonea mama kabla sijaondoka. Nilimcheka sana siku ananipa. Mama ni mtu wa soko, anajua watu.

Nikaenda polisi wa pale kituoni wakaniandikia karatasi, ilichukua kama saa nzima. Msiache kuichukua hiyo karatasi hata kama mnajua pesa haitarudi, bima haikusikilizi bila hiyo.

Nitaendelea usiku, niko kazini.

Chizi Karanga

Nimekaa siti ya mbele, mkao wa kula. Uzi bila picha lakini…

Mzee wa Behewa

Bibie pole. Huo mchezo wa kuchafuliwa koti ni wa zamani, nilifanyiwa mimi Barcelona. Sheria yangu siku hizi: nikichafuka, nachafuka. Natembea hivyo hivyo na uchafu wangu mpaka chooni, mlango nafunga.

Niongezee la treni za huko, kwa sababu ukiwa peke yako huna wa kukuamsha wala wa kukukosoa. Ubelgiji majina ya miji yanabadilika kwa lugha. Ukiwa upande wa Waflemi, yaani huko Brugge na Gent, ubao unaandika Kiholanzi na tangazo la ndani ya treni ni Kiholanzi. Mimi nilikuwa natafuta treni ya Lille, nimekaa naangalia ubao, Lille haipo, treni ikaondoka mbele ya macho yangu. Kumbe wao Lille wanaiita Rijsel. Mons ni Bergen, Tournai ni Doornik, Liège ni Luik. Andika majina yote mawili kwenye karatasi kabla hujatoka.

Na usisinzie. Treni nyingi zinazopita Brugge zinaendelea baharini. Ukipitiliza unaamkia Ostend, saa nne usiku, upepo wa bahari unakupiga.

Mwana Shangani

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Mji Mkongwe, Unguja. Nimesoma kuwa huo mji wa Brugge uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, mwaka ule ule na Mji Mkongwe wetu. Vichochoro tumevizoea, gari haziingii, mtu hapotei. Kwa hivyo mtu kama mimi huko si nitakuwa kama niko nyumbani?

BintiPangani

@Mwana Shangani waalaykum salaam. Hilo swali lako ndilo nilitaka nilifikie, wacha niendelee.

Brugge nilifika saa kumi na mbili jioni, giza limeshaingia muda. Mwezi wa kumi na moja jua linazama karibu na saa kumi na moja, Desemba ndiyo mapema zaidi. Hili wengi hawalipigii hesabu. Unapanga "nitazunguka mpaka jioni", kumbe jioni inaanza saa kumi. Kutoka kituoni hadi uwanja wao mkuu, Markt, ni mwendo wa dakika 20 kwa mguu. Mimi malazi yangu yalikuwa mbele zaidi, mtaa wa Sint-Anna, karibu na vile vinu vya upepo vya kale.

Siku ya kwanza mchana, raha tupu. Watu wamejaa, makundi ya watalii na kibendera mbele, farasi wanapita kwa-kwa-kwa. Nikapanda Belfort, ule mnara wa kengele, mita 83, ngazi 366. Ngazi ni za kuzunguka, zinazidi kuwa nyembamba kadiri unavyopanda, na kule juu badala ya nguzo ya kushika wamefunga kamba. Wanaoshuka na wanaopanda mnapishana humo humo. Ukiwa na begi la mgongoni utajuta. Mwenye moyo au magoti mabovu abaki chini ale chipsi, chini pale yapo mabanda mawili ya kijani. Chipsi wanaziwekea mayonezi, pilipili uombe, na ukiomba wanakuangalia.

Hatari niliyokutana nayo mchana ni baiskeli. Mitaa mingi ni ya upande mmoja kwa magari, kwa hiyo wewe unaangalia gari linakotoka, unavuka. Lakini chini ya alama ya "usiingie" kuna kibao kidogo kina picha ya baiskeli na neno "uitgezonderd", maana yake isipokuwa. Yaani baiskeli inaruhusiwa kuja upande ule ambao wewe huangalii. Mama wa watu kanipitia pembeni, usukani ukanasa mkanda wa begi, tukazunguka wote kama tunacheza ngoma. Alikuwa na mtoto kwenye kiti cha nyuma. Hakuanguka mtu, ila maneno niliyoambiwa nashukuru sijui Kiholanzi. Ukisikia kengele nyuma yako usirukeruke, baki ulipo, yeye anajua atapita wapi.

Sasa usiku wa pili.

Watalii wengi wa Brugge wanakuja asubuhi na kuondoka jioni. Saa moja usiku makundi yameshayeyuka. Nikala karibu na Markt, nikatoka kama saa tatu. Ukungu umeshuka, taa zimekuwa kama yai bichi. Simu ilikuwa na asilimia 20, nikaona inanitosha kwa mwendo wa robo saa. Nikaishika mkononi kufuata ramani. Baridi ikaipiga, ikazima. Sikujua kwamba betri inaweza kuzimika na chaji ikiwa bado ipo, kwa baridi tu.

Nikasema si shida, mji mdogo. Nikakata kona niliyodhani naijua. Mtaa wa kwanza hakuna mtu. Wa pili hakuna mtu. Madirisha yote mapazia yamefungwa, nasikia viatu vyangu tu kwenye mawe. Mawe yenyewe yamelowa, yanateleza kama samaki. Mbele nikaona taa mbili, moja juu na moja chini yake. Nikaelekea ile ya chini, ndiyo iliyoonekana karibu. Natembea, natembea, mara ile taa ya chini ikavunjika vipande vipande.

Nilisimama. Alikuwa bata. Bata amepita juu ya taa.

Ilikuwa maji wakuu. Taa niliyokuwa naifuata ilikuwa kivuli cha taa kwenye mfereji, na mguu wangu wa kulia ulikuwa tayari kwenye jiwe la ukingoni, lile la mwisho, laini, lina ukoka. Kingo hakuna. Sehemu nyingine ya mji ipo, inakufika magotini, pale haikuwepo kabisa. Ningeingia na koti zito, viatu vya baridi, pembeni ukuta wa matofali ulionyooka, hakuna nyumba iliyo wazi, hakuna anayenisikia. Mpaka leo nikisimulia mkono unaniwasha.

Nilirudi nyuma kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta wa nyumba. Nikakaa hapo. Baadaye kengele za Belfort zikapiga, zinaimba kila robo saa. Nikajua Markt iko kushoto kwangu, nikaifuata sauti huku naburuza bega ukutani, nikarudi mpaka kwenye banda la chipsi. Yule kaka wa chipsi akanichajia simu pale pale karibu na mafuta, akaniuliza, "Nyumbani kwako ni wapi?" Nikasema Tanga. Akacheka akasema alikuwa na maana ya usiku huu.

@Mwana Shangani ndugu yangu, hapo ndipo ninapokujibu. Mji Mkongwe ukipotea saa tatu usiku unafanyaje? Unamuuliza mzee aliyekaa barazani. Kuna wanaocheza bao, kuna muuza kahawa, kuna mtoto katumwa mkate. Brugge mitaa imepinda vile vile, ila hakuna baraza. Nilikuwa naogopa watu wa Ulaya, kumbe kilichonitisha ni kutokuwepo kwa watu.

Mwana Shangani

Allah akuhifadhi. Bata huyo alistahiki mkate.

Kijana wa Msambweni

Dada umeandika mpaka nikasikia baridi na mimi niko Kwale. Swali la kwanza: polisi wakikusimamisha, unatembea na pasipoti yenyewe ama kopi? Mimi siku zote huiacha hotelini. La pili niulize wazi tu, sisi weusi wanatuangaliaje huko? Mji mdogo, wazungu watupu.

Mama Furaha wa Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi niko Gent tangu 2009, natokea Bukavu, Brugge nafika mara mingi juu mukubwa wangu anafanya kazi kule.

Kijana wa Msambweni, hapa Ubelgiji muntu mukubwa anapaswa kutembea na kitambulisho, na ya mugeni ni pasipoti yenyewe. Kopi polisi anaweza kuikubali, anaweza kuikataa, inategemea ameamka namna gani. Mimi nashauri utembee nayo, lakini ndani ya nguo, kama kale kamfuko ka mama wa dada. Kopi iache ku hoteli na ingine ku barua pepe yako.

Na kama haulale hoteli, unalala kwa ndugu, kuna kitu batu hawajue: uko na siku tatu za kazi za kwenda ku ofisi ya manispaa kujiandikisha kwamba umefika. Hoteli inakufanyia, ndugu yako haiwezi kukufanyia.

Ile ya rangi: mu Brugge watakuangalia, ndiyo. Wamama wazee wataangalia, halafu watasema "goeiedag", ni salamu yao, na weye sema "goeiedag", imeisha. Mu duka kuna siku mulinzi atakufuata nyuma. Ilinifikia. Siku ingine kontrola ya treni anaanza na mimi peke mu behewa muzima. Siseme ni kila siku, lakini nikisema haiko nitakuwa nadanganya. Kama imepita mpaka, iko taasisi ya serkali inaitwa Unia, inapokea malalamiko ya ubaguzi, unaweza kuandika hata kama weye ni mupita njia.

Sasa sikilizeni hii, ni ya lazima. Namba: 112 ni ya ambulansi na zimamoto, 101 ni polisi. Kama ni homa ao kuhara, haiko ya kufa, na ni usiku ao wikendi, piga 1733, watakuelekeza kwa daktari wa zamu. Na usifuate kibao cha "Sint-Janshospitaal" pale katikati ya muji! Shemeji yangu alikatwa kidole na kopo ya samaki, akafuata kibao, akafika, wakamuuliza anataka tiketi ya mukubwa ao ya mwanafunzi. Ni muzee! Ile hospitali ni ya tangu miaka ya 1100 na kitu, leo ni makumbusho, mule kuna picha za Memling, muchoraji wa zamani. Hospitali ya kweli inaitwa AZ Sint-Jan, iko inje ya muji wa kale. Neno la kutafuta ni "spoed", maana yake dharura.

Chizi Karanga

Anavuja damu anaulizwa kama ana kadi ya mwanafunzi 😂😂 Nimeshindwa.

Mzee wa Behewa

Mama Furaha ubarikiwe.

Kwa wanaume wenzangu wanaodhani uzi huu ni wa dada zetu tu: mfereji huo hauchagui. Bia za kule siyo hizi za nyumbani za asilimia tano. Glasi ndogo yenye kishina kama ya divai, unaidharau, kumbe ni asilimia nane, tisa, nyingine kumi. Brugge wana kiwanda cha bia katikati ya mji, mwaka 2016 wakachimba bomba chini ya mitaa, kilomita tatu na kitu, bia inapita humo kwenda kwenye mtambo wa chupa. Yaani chini bia, pembeni maji, juu ukungu, katikati wewe peke yako. Kunywa mbili, kula, kapande kitandani.

Kijana wa Msambweni

Dada na kufuatwafuatwa na wanaume je? Dada yangu ndiye anasafiri Alhamisi, mimi nauliza kwa niaba yake.

BintiPangani

Mara moja, usiku wa tatu. Kuna upenyo nyuma ya Markt unaitwa Eiermarkt, ndiko vijana wanakonywa. Nilipita, mmoja akajitoa kwenye kundi akawa anatembea nyuma yangu, anaongea Kiingereza cha ulevi, mrembo mrembo. Sikumjibu, wala sikuelekea nilikolala, hilo ndilo kubwa, usimwonyeshe mlango wako. Niligeuka nikarudi kwenye mwanga, kwa yule yule kaka wa chipsi. Akaniona, akasema kwa sauti, "Tanga!" Basi jamaa akaishia. Ndiyo faida ya kula sehemu moja kila siku. Mwanzoni nilikuwa nabadilisha migahawa kama mtalii, baada ya ile ya mfereji nikachagua banda moja na kiduka kimoja, nikawasalimia kila nikipita. Nilijitengenezea baraza la kuazima.

Mwenye nyumba niliyofikia naye nilimwambia saa ya kurudi. Mama mtu mzima, anaishi peke yake na paka. Niliona kama namsumbua, kumbe alifurahi, siku nilipochelewa dakika 20 nikamkuta dirishani. Yeye ndiye alinipeleka Begijnhof, ua wenye nyumba nyeupe na miti mirefu, ulianzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake walioishi peke yao bila mume na bila kuwa watawa kamili. Lango lake linafungwa jioni mpaka leo. Nikamwambia hawa wenzangu walijua kitambo, akacheka sana.

Mwambie dada yako pia aangalie mambo ya benki kabla hajapanda ndege. Kadi yangu ya pili iligoma mashine ya kwanza kwa sababu sikuwa nimeomba ifunguliwe kwa matumizi ya nje. Na kununua tiketi mtandaoni benki inatuma namba za kuthibitisha kwenye laini ya nyumbani, sasa mimi laini nilikuwa nimeitoa nimeifunga kwenye karatasi ya chingamu. Aiache laini ya nyumbani ndani ya simu. Ya kule atanunua na pasipoti mkononi, hawauzi laini bila kitambulisho.

Kijana wa Msambweni

Nimemtumia uzi wote. Amesoma ya bata amesema hatoki nje baada ya saa kumi na moja.

BintiPangani

Atoke! Usiku ndio mji ni mzuri kuliko mchana. Atembee katikati ya barabara, aache ukingo wa maji, kitochi mfukoni (cha kawaida, siyo cha simu), na chaji ya akiba ndani ya koti karibu na mwili, siyo kwenye begi.

Dada wa Kwale

Habari zenu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Ndugu yangu ameniaibisha vya kutosha. Niko kwenye treni, tumetoka Gent sasa hivi. Kimfuko cha leso nimekivaa. Kuna mtu kanigusa bega kituoni nikakimbia, kumbe nilikuwa nimeangusha glovu, akanifukuza mpaka kwenye ngazi kunipa.

Mama Furaha wa Bukavu

Hahaha pole mwanangu, karibu. Usilale, Brugge iko karibu.

Dada wa Kwale

Nimeshuka. Ukungu mtupu, mnara siuoni ila kengele nazisikia. Chipsi ni upande gani?

BintiPangani

Fuata kengele.

Chizi Karanga

Picha basi, hata ya bata.